Shajara ya Namba 7: kumwelezea mbawakawa mpya anayeng'aa kama shaba

Naandika shajara hii kwa yeyote wa pwani aliye na mdudu ndani ya kichupa na hajui aanzie wapi. Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari hapa Mombasa. Naishi Kisauni, na karibu kazi yote nimeifanyia juu ya meza moja chumbani, usiku, baada ya kutoka kazini. Mdudu namwita Namba 7 kwa kuwa alikaa kichupa cha 7. Jina lake la kisayansi sitalitaja humu mpaka makala itoke. Jina likitangulia maelezo yake linakuwa jina tupu, halina haki, na linawasumbua watakaokuja baadaye. Shajara hii nayo isihesabiwe kuwa ni uchapishaji.

25 Novemba 2023: gogo la mbambakofi

Mwezi huu mvua imeifurisha Mombasa, na upande wa Kwale miti imeanguka. Mzee mmoja ninayemfahamu ana shamba linalopakana na kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, na mbambakofi mkavu uliolala pale mpakani umeanza kuoza vizuri. Nilivuka feri ya Likoni kwa miguu, bure, kisha matatu na bodaboda: shilingi 450 kwenda, 450 kurudi.

Mzee alinionyesha mpaka kwa fimbo yake. "Mwanangu, ndani ya kaya hakitoki kitu, hata kijiti cha kuwashia moto. Huku kwangu chukua utakacho." Kaya za Mijikenda ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini miiko ya wazee ni ya zamani kuliko orodha yoyote, na ndiyo iliyotubakishia magogo ya kuoza. Kwingineko mti ukianguka leo, kesho kutwa ni magunia ya makaa.

Toka saa mbili usiku hadi saa sita nilipata 11. Walitembea polepole juu ya gogo kwa miguu mirefu, na kurunzi ikiwapiga waling'aa kijani na shaba. Nilidhani ni wale mbawakawa-vito wa familia ya Buprestidae. Nikamshika mmoja kwa vidole vitupu. Akaniachia harufu kali kama ya dawa ya hospitali na doa la kahawia lililokaa siku mbili. Ni kwinoni, kemikali ya kujilinda, na hiyo ni silaha ya familia nyingine kabisa.

Wote 11 niliwaua kwa mvuke wa ethili asetati, kama nilivyosoma. Lilikuwa kosa, nalo litajitokeza Januari 2025.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, nilikuwa navyo tayari. Usitie mdudu kwenye kichupa kabla ya karatasi hizo, maana jarida litakuuliza, na aliyekosa hawezi kurudi nyuma kuzitafuta.

3 Desemba 2023: kuhesabu nyayo

Hadubini ya mitumba, shilingi 34,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na siijutii.

Jibu lilikuja kwa kuhesabu vipingili vya nyayo: mguu wa mbele 5, wa kati 5, wa nyuma 4. Mbawakawa-vito ana 5 kila mguu. Mashina ya vipapasio nayo yamejificha chini ya ukingo wa uso, ukimtazama kwa juu huyaoni. Basi ni Tenebrionidae, familia iliyopewa jina kutokana na neno la Kilatini la giza. Wengi wao ni weusi na hujificha mchana, lakini yapo matawi yanayong'aa kama sufuria mpya. Mwili mrefu, miguu mirefu na macho makubwa vimenipeleka kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Strongylium.

Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya elfu moja duniani. Kabla ya kusema "mpya" ni lazima niwaondoe jamaa zake mmoja mmoja.

20 Januari 2024: sisimizi, ukungu na kutu

Nimepoteza wawili. Sanduku nililiacha mezani usiku mmoja tu, asubuhi nikakuta maganda matupu na msafara wa sisimizi ukutani. Sasa kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo la maji yenye mafuta ya taa kidogo, kama kabati la chakula la bibi yangu, na hawajarudi.

Ukungu uliwavamia watatu kwenye maungio ya miguu. Niliusafisha kwa brashi laini na spiriti, nikawaokoa. Hewa ya Mombasa haikaushi kitu. Nilikwenda kwenye maduka ya viatu nikaomba vile vipakiti vya jeli ya silika vinavyotupwa, nikarudi na mfuko mzima bila kulipa. Huvikausha jikoni kwa moto mdogo kila baada ya wiki mbili na kuvirudisha sandukuni.

Pini zangu zilikuwa za fundi cherehani. Ndani ya wiki sita zilishika kutu, na moja iliota uchafu wa kijani ulioupasua mwili wa mdudu kwa ndani. Niliagiza pini za chuma kisichoshika kutu kutoka nje, 100 kwa shilingi 2,800 pamoja na usafirishaji. Kumchomoa mdudu mkavu kutoka kwenye pini mbovu, mlaze kwanza siku moja ndani ya kibweta kilichofungwa chenye kitambaa kilicholowa maji na tone la dawa ya kuua vijidudu, alainike.

17 Februari 2024: spishi mbili ambazo si mbili

Mwezi mzima daftari langu liliandikwa A na B. Wanne walikuwa na macho yaliyokaribia kugusana katikati ya paji, watano macho yao yametengana. Tofauti ni kubwa, huhitaji hata hadubini. Nilikwishachora jedwali la kuwatofautisha na nikaanza kuota majina mawili.

Leo nimefungua matumbo. Wenye macho ya karibu wote ni madume. Wenye macho ya mbali wote ni majike.

Nimelichana lile jedwali. Anayeanza kazi hii ajue: kwanza dume na jike, ndipo spishi. Mimi nilianzia mwisho kwa sababu kufungua tumbo kunatisha pale unapokuwa na vielelezo tisa tu.

Kufungua kwenyewe kuna hasara yake. Kiungo cha uzazi cha dume ndicho kinachotenganisha spishi zinazofanana, na husafishwa kwa hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 ili nyama iyeyuke na ganda libaki. Cha kwanza nilikiacha usiku kucha. Asubuhi kilikuwa kimepauka mithili ya kioo, kingo hazionekani, hakifai kuchorwa. Cha pili nilikiweka kwenye kichupa ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikakichungulia kila dakika tano. Dakika 15 zilitosha. Baadaye kinakaa ndani ya glisirini, kwenye kichupa kidogo kinachochomekwa kwenye pini ya mdudu wake mwenyewe, kisije kikapotezana na mwili.

28 Aprili 2024: wa zambarau

Safari ya pili, masika imeanza. Wapya 6 kwenye gogo lilelile. Hawa niliwaua kwa baridi, siku mbili ndani ya friza, na mguu mmoja wa kila mdudu nikautia kwenye alkoholi ya asilimia 96. Nilichukua pia ndoo ya mbao iliyooza yenye mabuu, nione kama ni watoto wao.

Kati ya vielelezo 15 nilivyo navyo sasa, 11 ni kijani chenye shaba na 4 ni buluu inayoelekea zambarau. Usiku huohuo, gogo hilohilo. Moyo ulinienda mbio tena, lakini safari hii nilifungua matumbo kwanza. Viungo vya madume wa rangi zote mbili vinalingana nukta kwa nukta, na mistari ya vitundu kwenye mabawa magumu ni ileile.

Rangi hii haikupakwa. Ganda la nje limepangwa kwa matabaka membamba mno, na mwanga ukirudi kutoka kwenye kila tabaka, miale huongezana au kufutana, kama mafuta ya dizeli juu ya dimbwi. Unene wa tabaka ukibadilika kidogo, rangi inahama. Ndiyo sababu mdudu mkavu wa miaka mia kwenye makumbusho bado anang'aa, na ndiyo sababu ukimgeuza mkononi kijani kinateleza kuwa shaba.

Kwa hiyo nimeamua maelezo yangu yategemee umbo. Rangi itaandikwa kama ilivyo, kuanzia kijani cha shaba hadi zambarau, na haitabeba uamuzi wowote.

9 Juni 2024: ndoo

Mabuu wote watano wamekufa. Niliifunga ndoo kwa mfuniko wake, jua la mchana likaipasha, ukungu wa kijani ukaifunika mbao yote. Nitaomba mbao nyingine mwakani.

13 Oktoba 2024: kusoma walioandika kabla

Miezi minne ya kusoma. Maandishi ya zamani mengi yanapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library, kwa hiyo gharama yake ni bando tu, kama shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwongozo wangu umekuwa katalogi ya Hans Gebien wa Hamburg, aliyeipanga familia hii nzima mwanzoni mwa karne ya 20 na kuirudia tena hadi kifo chake mwaka 1947. Kila jina analolitaja linakupeleka kwenye ukurasa mwingine, wa Kijerumani, Kifaransa au Kilatini.

Nilipokwama kabisa ni kwenye maelezo yenyewe. Mengi yana mistari mitano au sita, na mstari wa kwanza ni rangi: "viridi-aeneum", yaani kijani cha shaba, "nitidum", yaani mwenye kung'aa. Hao waandishi walikuwa na kielelezo kimoja au viwili mkononi, na mimi nina gogo moja lililonionyesha rangi zote hizo kwa usiku mmoja. Kwa hiyo sikuweza kumwondoa jamaa yeyote kwa kusoma peke yake. Ilibidi kuona vielelezo vyenyewe vilivyobeba majina.

Na havipo hapa. Viko Berlin, London, Basel, Tervuren. Vibandiko vyake vimeandikwa "Deutsch-Ostafrika", yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, au "Usambara", na mdudu wa Kwale hajui kama pale Lunga Lunga kuna mpaka, kwa hiyo wa Tanzania wote ni lazima niwaangalie pia. Niliandika barua pepe kwa makumbusho manne nikiomba picha, si mdudu: picha ya juu, ya pembeni, na ya kidari, yaani kile kipande kilicho kati ya kichwa na mabawa. Wawili walijibu ndani ya wiki moja, kwa upole ulionipa nguvu. Mmoja alikaa miezi minne. Mmoja hajajibu.

Picha iliyochelewa miezi minne ndiyo niliyoihofia zaidi, ya mdudu wa zambarau kutoka koloni ya Wajerumani. Ilifika juzi usiku. Kidari chake kimepanuka mbele na kina mfereji katikati. Cha Namba 7 kimebanwa nyuma na hakina mfereji. Niliitazama picha ile mpaka adhana ya alfajiri, nikarudia vipimo mara tatu, ndipo nilipolala.

24 Novemba 2024: picha na pangaboi

Kumpiga picha mdudu anayeng'aa ni taabu. Taa inarudi yote, unapata doa jeupe badala ya mgongo. Nilijaribu karatasi ya kuchorea, ikasaidia nusu. Kilichofaulu ni kikombe cha plastiki cheupe cha mtindi: nakikata tako, nakifunika juu ya mdudu, taa mbili zinakaa nje yake, na simu inachungulia kwa juu kupitia lenzi ya hadubini. Mwanga unaingia umesambaa, na rangi inatulia.

Kila picha ni muungano wa picha 30 hadi 40, kila moja imelenga kina chake, zikiunganishwa na programu ya bure. Tatu za mwanzo zilitoka na kingo mbilimbili. Nililaumu programu wiki nzima. Kumbe ni pangaboi: linapozunguka, dari inatikisika, na meza inatikisika nayo. Sasa nazima pangaboi na kupiga picha saa nane usiku, jasho likinitiririka, na kingo ni kali kama wembe.

26 Januari 2025: vinasaba

Nilipeleka miguu 6 kusomwa kipande cha jeni ya COI, kile cha herufi 658 kinachotumika kutambulishia wanyama. Shilingi 3,000 kila mguu, jumla 18,000. Minne ilitoka kwa wale wa Novemba 2023, na yote minne haikutoa kitu. Mvuke wa ethili asetati huharibu vinasaba, na unyevu wa hapa ukamalizia. Miwili iliyotoka friza hadi alkoholini ilisomeka vizuri. Shilingi 12,000 zimekwenda kwa kosa la usiku wa kwanza.

Miwili hiyo, mmoja kijani na mwingine zambarau, inafanana. Hakuna aliyelingana nayo kwenye BOLD, hifadhi ya mtandaoni ya vinasaba vya kutambulishia spishi, lakini hilo nimelipa uzito mdogo kwenye makala, kwa sababu jamaa zake wengi wa Afrika hawajawahi kusomwa. Kukosa mwenzake mle kunaweza kuwa na maana kwamba hakuna aliyempeleka.

16 Machi 2025: Miritini hadi Nairobi

Sheria za majina ya wanyama, toleo la 4 lililoanza kutumika mwaka 2000, zinadai kila spishi mpya itaje kielelezo kimoja kinachobeba jina, yaani holotaipu, na mahali kitakapotunzwa. Nilimchagua dume mmoja wa kijani, mzima, mwenye miguu yote 6. Nyumbani kwake ni Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nilitamani abaki pwani, lakini baada ya sisimizi na ukungu sina ujasiri wa kumwombea abaki.

Nilimpeleka mwenyewe kwa treni ya SGR, shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Pale Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, sanduku la pini lilizua maswali kwenye ukaguzi. Nilionyesha vibali, nikafungua kifuniko. Askari yule wa kike aliinama akamtazama. "Huyu ni wetu? Wa hapa hapa?" Nikamwambia wa Kwale. Akanifungia kifuniko yeye mwenyewe, polepole.

Kwa atakayesafirisha: mdudu mrefu huzunguka kwenye pini yake gari likitikisika, akavunja miguu ya jirani. Chomeka pini mbili za ziada ubavuni mwake, kulia na kushoto. Sanduku hilo litie ndani ya jingine kubwa lenye pamba, ulipakate safari nzima. Alifika na miguu yote 6.

29 Juni 2025: jina na wahakiki

Nilitaka kumpa mdudu jina la mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Jina langu wanalo wajukuu, latosha. Mpe la mahali, mwanangu. Mahali ndipo pamemtunza." Basi ni jina la mahali.

Wahakiki wawili wamerudisha makala yakiwa na maoni kurasa tatu. Kosa lililonichoma ni la sarufi. Jina la mahali nililimalizia kwa -ensis, kama nilivyozoea kuona. Strongylium haina jinsi ya kiume wala ya kike kwa Kilatini, na kivumishi ni lazima kikubaliane na jenasi, kama ngeli zetu. Mwisho sahihi ni -ense. Mimi ninayezungumza lugha ya ngeli toka utotoni nilipaswa kulinusa hilo.

La pili lilikuwa la haki: niliandika "anatofautiana na jamaa zake kwa kidari" bila kuwataja hao jamaa. Nimeandika upya, jamaa watatu wa karibu, kila mmoja na alama mbili za kumtenga. La tatu, mhakiki mmoja alitaka niitoe rangi kabisa. Nimeiacha, kwa sababu mtu atakayemwona shambani ataona rangi kwanza, nami nataka akute pale imeandikwa kwamba kijani na zambarau ni ndugu.

Niliomba maelezo yote yawepo kwa Kiswahili pia, si muhtasari tu. Sheria za majina hazizuii lugha yoyote kwa maelezo, na mhariri amekubali. Kutafuta maneno kulichukua wiki tatu. Nimechagua "mabawa magumu", "kidari", "vipingili vya unyayo", na maneno mengine nimeyaeleza kwa mchoro. Jina litaandikishwa ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, kabla ya makala kutoka, kwa kuwa jarida ni la mtandaoni.

Jumla mpaka leo: shilingi 74,600.

14 Septemba 2025: mtungi

Mbao mpya nilizopewa Aprili sikuziweka kwenye ndoo. Ziko ndani ya mtungi wa udongo uliofungwa kitambaa cha kanga kuukuu, umewekwa pembeni ya pipa la maji. Udongo unapumua, ndani kuna baridi, na maji nanyunyiza kwa vidole tu. Mabuu 8 kati ya 9 wameishi. Mmoja aligeuka pupa mwishoni mwa Agosti.

Ametoka tarehe 9. Siku hiyo alikuwa na rangi ya maziwa, macho tu ndiyo meusi, hakuna mng'ao wowote. Tarehe 10 kahawia ya chai. Tarehe 12 ulianza mstari wa shaba mabegani. Leo mgongo wote ni kijani, na bado ganda ni laini ukilitazama linavyokunjika akitembea.

Ni dume, macho yamekaribiana. Simuui. Nampiga picha kila jioni chini ya kikombe cha mtindi, pangaboi limezimwa, na namrudisha mtungini kabla hajachoka. Nataka kujua kama atabaki kijani au ataendelea hadi zambarau. Wenzake 7 bado ni mabuu.